Mkataba wa pango ukiisha: niliyowaambia wapangaji wenzangu wa Sombetini

(Wengi waliokosa nafasi ukumbini siku ile nilipoongea na wapangaji wa Sombetini, hapa Arusha, wameniomba niandike, kwa hiyo nimeandika karibu vilevile nilivyoongea, maswali ya mwisho nimeyaweka pia. Mimi ni msaidizi wa kisheria, sio wakili.)

Shikamooni wazee wangu, vijana habari za mchana, akina mama asanteni sana kwa kuja maana najua Jumamosi ni siku ya kufua na ya soko, mmeacha kazi mmekuja kusikiliza, siwezi kuwapotezea muda.

Nianze na tarehe. Kila aliyepanga hapa ana tarehe mbili kwenye karatasi yake, ya kuanza na ya kuisha. Ile ya kuanza wote tunaikumbuka kwa sababu siku hiyo tulitoa kodi ya miezi sita kwa mpigo na ya dalali na ya kirikuu ya kubebea vyombo. Ile ya kuisha wengi hatuijui mpaka siku mwenye nyumba anapiga simu. Na ugomvi karibu wote ninaoletewa mimi wa wapangaji na wenye nyumba, ukiufuatilia nyuma unakuta umeanzia kwenye hiyo tarehe ya pili ambayo hakuna aliyekuwa anaiangalia.

Sasa siku hiyo ikifika kunakuwa na imani mbili na zote mbili zinatuumiza. Mpangaji anaamini kwamba vyombo vyake vikiwa ndani basi hakuna wa kumgusa, atakaa mpaka apate hela. Mwenye nyumba naye anaamini mkataba ukiisha leo, kesho asubuhi ana haki ya kuja na kufuli lake au na fundi wa kung'oa mlango. Hakuna hata mmoja mwenye sheria upande wake. Mkataba wa muda maalum ukiisha umeisha kweli, huna haki ya kuongezewa kama hakuna kipengele kinachosema utaongezewa, na hiyo lazima niwaambie ukweli hata kama haipendezi. Lakini kuisha kwa mkataba hakumpi mtu ruhusa ya kukutoa kwa mabavu. Katikati ya hayo mawili ndo kuna haki zako, na haki zako nyingi zinategemea ulichofanya miezi miwili mitatu kabla ya siku yenyewe, na ulichoandika.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113, ina sehemu nzima inayohusu upangaji. Watu wanadhani ile ni ya mashamba na hati tu, hapana, chumba chako na sebule pale Daraja Mbili kimo ndani yake. Na mambo matatu kutoka humo naomba muondoke nayo kichwani.

La kwanza, mkataba wa mwaka mmoja au chini ya hapo, hata wa mdomo ni mkataba. Mtu asikutishe eti huna karatasi kwa hiyo huna haki. Karatasi inarahisisha kuthibitisha, lakini makubaliano yapo hata kama mliyafanya mmesimama getini.

La pili, na hili ndo kubwa kwa leo. Mkataba umeisha, wewe umebaki ndani, na mwenye nyumba ameridhia ubaki, hamjaandika kingine chochote. Sheria inasema kama hamkukubaliana muda mwingine, sasa unahesabiwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi, na yale masharti ya mkataba wa zamani yanayoweza kwenda na upangaji wa mwezi mmoja mmoja yanaendelea kama yalivyokuwa. Kodi ileile, nani anatengeneza nini ileile, mambo ya choo na uani yaleyale. Na ili kukuondoa lazima akupe notisi isiyopungua kipindi chenu cha kulipana, yaani mwezi, na hiyo notisi iishie kwenye siku ya kulipa kodi. Tuchukue mfano ili ieleweke: unalipa kila tarehe 5. Mkataba uliisha Januari, Februari umelipa kapokea, Machi umelipa kapokea. Tarehe 20 Machi anakuja anasema mwisho wa mwezi huu nataka nyumba yangu. Hiyo siyo notisi. Ukihesabu mwezi mzima kutoka tarehe 20 Machi unafika tarehe 20 Aprili, na siku ya kodi inayofuata ni tarehe 5 Mei, hiyo ndo siku yako. Na sheria hiyohiyo inakubana na wewe, ukitaka kuhama unampa notisi hivyohivyo, huwezi kufunga mizigo Ijumaa usiku ukamtumia mesej Jumamosi.

La tatu, kama hakuridhia. Kakwambia mapema, kwa maandishi, mkataba ukiisha sitaongeza naomba nyumba yangu, wewe ukang'ang'ania. Hapo hujawa mpangaji wa mwezi hadi mwezi, umebaki bila ridhaa, na wajibu wote wa mkataba unaendelea kukubana mpaka siku utakayotoka, kodi ya siku hizo unadaiwa na anaweza kukupeleka akadai na hasara. Nimeona watu wanatumia hela ya kupangia kwingine kwa kubishana miezi minne, mwisho wanatoka na deni. Kwa hiyo ukijua ukweli ni kwamba hakutaki tena, tumia muda huo kutafuta chumba na kudai dipoziti yako, ile hela ya dhamana uliyomwachia, sio kugoma.

Sasa swali linakuja, ridhaa inaonekanaje? Hapa ndo napenda tukae kidogo. Kuna dada mmoja anauza mitumba, mkataba wake uliisha, akamwandikia mwenye nyumba kwenye WhatsApp: "Shikamoo baba, mkataba umeisha jana naomba niendelee, kodi nitatuma tarehe 5." Mzee akajibu: "Marahaba mama, sawa, ukituma nijulishe." Maneno matano tu. Tarehe 5 akatuma kwa M-Pesa, akaandika "nimetuma kodi ya mwezi wa sita," mzee akaweka dole gumba. Mwezi uliofuata watoto wa mzee wakaja wakasema huyu amevamia, mkataba wake umekufa zamani. Tulikaa nao kwa mwenyekiti wa mtaa, dada akafungua simu, ile mesej, muamala, lile dole gumba. Kikao kikaisha palepale wakakubaliana mwezi na siku kadhaa za kuhama. Angekuwa amelipa keshi mkononi bila risiti na kuongea kwa simu tu, angekuwa na nini cha kuonesha? Piga skrinshoti, itume kwa ndugu yako au kwa imeili yako, maana simu zinaibiwa, zinaingia maji.

Kwa hiyo naomba kila mmoja leo akifika nyumbani atoe ule mkataba. Wengi tuna ile fomu ya kununua stesheneri, imechapwa "Mkataba wa Pango", ina vidoti vya kujaza. Angalia ule mstari "mkataba huu utadumu kwa muda wa miezi... kuanzia tarehe... hadi tarehe...". Nimeshika mikataba mingi ambayo hapo "hadi" pako wazi kabisa, pamebaki vidoti. Mwingine kipengele cha notisi kimeachwa hivyohivyo, "kila upande utatoa notisi ya miezi...", halafu chini watu wamesaini na mashahidi wamesaini na mhuri umepigwa. Pengo kama hilo halina faida kwako, siku ya ugomvi kila mtu analijaza kwa mdomo wake. Lijazeni sasa hivi mkiwa bado mnaongea vizuri, muweke saini zenu pembeni.

Halafu mikataba mingine ina sharti kwamba mpangaji akitaka kuendelea atoe taarifa mwezi mmoja au miezi mitatu kabla. Ukiwa nalo usilipite. Andika barua fupi, mstari mmoja unatosha, "mimi mpangaji wa chumba namba fulani napenda kuendelea baada ya tarehe fulani kwa masharti yaleyale", toa nakala, apokee asaini kwenye nakala yako. Akikataa kusaini itume kwa WhatsApp.

Kodi kupanda. Hili najua ndo limewaleta wengi. Zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 na mabaraza yake, wazee hapa wanaikumbuka. Ilifutwa mwaka 2005. Leo hakuna ofisi ya serikali inayopanga chumba cha Sombetini kiwe shilingi ngapi. Maana yake ni kwamba mkataba mpya unapoanza mwenye nyumba anaweza kutaja bei yake, na wewe una haki ya kukubali, kukataa au kuongea naye. Ila katikati ya mkataba hawezi kupandisha kama mkataba hausemi, uliokubaliana wa 100,000 kwa mwezi mpaka Desemba ni 100,000 mpaka Desemba, hata kama jirani kapangisha 150,000. Na mimi naamini kabisa, nalisema wazi, kwamba kuacha soko peke yake liamue kodi kwenye mji kama huu ni kuwaumiza watu wa chini. Mji unakua, AFCON ya 2027 inakuja, uwanja unajengwa kule Olmoti, na kuna wenye nyumba wameshaanza kuwaza kugeuza vyumba vya wapangaji viwe vya wageni wa usiku mmoja. Ni mali yao, ila mtu aliyekaa miaka sita na watoto wako shule ya karibu anastahili kuambiwa mapema.

Kuna jambo moja la hapa kwetu ambalo sijui kwa nini hatulipangilii. Arusha na Moshi sehemu kubwa ya watu wanakula kutokana na wageni. Waongoza watalii, wapagazi wa mlimani, madereva wa magari ya safari, wahudumu wa hoteli, wauza vinyago, hata mama anayempikia chai dereva. Mvua za masika zikianza, Aprili na Mei, kazi zinakata. Kwa nini basi mkataba wako wa miezi sita uishe Aprili? Unaingia kwenye mazungumzo ya kuongeza mkataba mfukoni huna kitu, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo, lazima ukubali chochote. Ukipanga upya omba mkataba uishe Agosti au Septemba, wakati wageni wapo na wewe umeshika hela. Kama sasa hivi unaisha Aprili, ukiongeza omba miezi minne au mitano mara moja tu ili tarehe isogee. Mwenye nyumba mwenye akili atakuelewa, hata yeye anataka kulipwa bila kukufukuzia.

Tuje kwenye kufuli. Umerudi kazini saa mbili usiku umekuta mlango una kufuli jipya, au umeme umekatwa chumba chako peke yake, au bati limeezuliwa. Ninachowaomba, usivunje kufuli na usipigane. Piga picha kwanza, mlango, kufuli, vyombo kama viko nje, mvua ikivinyeshea piga na hiyo. Mpigie mwenyekiti wa mtaa aje aone kwa macho yake, na majirani wawili. Kama ndani kuna dawa za mgonjwa au vyeti vya mtoto au hela ya kikundi, au vyombo vimeharibiwa au vimechukuliwa, nenda polisi uandikishe, uchukue RB, ile namba ya taarifa yako, kwa sababu kuharibu mali ya mtu na kuchukua mali ya mtu ni jinai, haijalishi mwenye kufanya ndo mwenye nyumba. Kumtoa mtu ndani ya nyumba kwa lazima ni kazi ya amri, amri inatoka kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba au mahakamani, na anayeitekeleza ni dalali aliyepewa karatasi na chombo hicho. Mtu akija na vijana wanne wenye nyundo muulize kwa heshima, amri iko wapi, ina namba gani, imesainiwa na nani. Dalali aliyekutafutia chumba hana uhusiano wowote na dalali wa baraza, msichanganye.

Njia yenyewe ya kudai iko hivi. Mnaanza kwenye Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Baraza la Kata haliamui tena kesi za ardhi, kazi yake ni kusuluhisha. Wanakaa wajumbe watatu, angalau mmoja awe mwanamke, na mawakili hawaruhusiwi humo kwa hiyo usiogope eti mwenzako ana hela ya wakili. Wasipofanikiwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Arusha lipo, Moshi lipo, na hilo ndo lina meno, linasikiliza ushahidi na kuamua. Usiporidhika una siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Na tangu 2021 hiyohiyo lugha ya mahakama na mabaraza yetu ni Kiswahili, kwa hiyo soma ulichopewa, uliza usichoelewa, usisaini kitu kwa sababu tu karani ana haraka.

Kitu kimoja kidogo ambacho kinawaangusha watu huko ni ushuru wa stempu. Mkataba wa pango unatakiwa ulipiwe, ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kama unalipa 150,000 kwa mwezi, mwaka ni 1,800,000, ushuru ni 18,000. Usipoulipia, siku ya kesi upande wa pili anaweza kusimama akasema huu usipokelewe kama ushahidi, na ukaambiwa ukalipe kwanza na faini juu.

Sasa kuondoka kwa amani. Hapa ndo hela zetu nyingi zinapotelea, kwenye dipoziti. Sheria ya Ardhi inasema mpangaji arudishe nyumba katika hali ileile aliyoikuta, lakini hahesabiwi uchakavu wa kawaida wa matumizi, wala uharibifu wa moto au mafuriko au ajali ambayo sio yeye aliyeisababisha. Lishikeni hilo neno uchakavu wa kawaida. Rangi iliyofifia kwa miaka mitatu ya kuishi ni uchakavu. Kitasa kilicholegea ni uchakavu. Sinki lililopasuka kwa sababu ulitwangia mahindi juu yake sio uchakavu, lipa. Na paa kuvuja kwenye nyumba mnayokaa wapangaji wengi, paa na kuta za nje ni wajibu wa mwenye nyumba, kwa hiyo ile doa ya maji kwenye silingi asiikate kwenye dipoziti yako.

Wiki moja kabla ya kuhama muombe mkague pamoja, mchana, taa zikiwaka. Ingieni chumba kwa chumba, vioo vya dirisha, nyavu, soketi, bomba la jikoni, flashi ya choo. Rekodi video moja isiyokatwa, uanzie getini, useme tarehe kwa sauti, umalizie kwenye mita ya LUKU namba zikionekana na mita ya maji. Bili ya maji ya AUWSA kwa kawaida iko kwa jina la mwenye nyumba, soma uniti siku hiyo, lipa zako, asije akakuletea za mpangaji wa baada yako. Mkimaliza andikeni karatasi moja, funguo ngapi zimerudishwa, uniti ngapi, dipoziti kiasi gani itarudi na lini, wote msaini. Mimi sikubali ile ya "nikipata mpangaji mwingine nitakurudishia", andikeni tarehe. Akichelewa unalo deni lenye karatasi, na madai ya mkataba yana miaka 6 kabla hayajapitwa na muda, kwa hiyo hata ukihamia Babati unaweza kurudi kudai.

Na kwenye LUKU kuna hela nyingine. Kodi ya jengo sasa inakatwa tunaponunua umeme, nyumba ya kawaida isiyo ghorofa ni 1,500 kwa mwezi kwa mita, yaani 18,000 kwa mwaka. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo. Wewe mpangaji unailipa kwa sababu mita iko mkononi mwako. Tunza zile mesej za tokeni, jumlisha, mkae mkatane kwenye kodi, na kwenye mkataba mpya liandikwe. Wenye nyumba wengi niliokaa nao wanalikubali wakioneshwa mahesabu, hawalijui tu.

Nigusie na hili la mirathi maana kwetu huku ni kubwa kuliko watu wanavyosema. Mwenye nyumba amefariki, mazishi yameisha, wiki ya pili anakuja kaka mkubwa anasema kodi nilipeni mimi, wiki ya tatu anakuja mjane na shemeji wanasema msimlipe huyo. Mkataba wako haujafa kwa sababu mwenye nyumba amefariki, ila wa kuupokea na wa kuuongeza ni msimamizi wa mirathi, aliyeteuliwa na mahakama, ana barua. Omba nakala ya hiyo barua kwa adabu na pole ya msiba. Wakati hawajamteua, mkae na familia yote mbele ya mwenyekiti wa mtaa muandike kodi itunzwe wapi na kwa nani. Usilipe mara mbili na usijifiche ukala hela ya kodi, itakuja kudaiwa tu.

Wenye fremu za biashara, nanyi pia. Ile hela ya kilemba uliyompa mpangaji aliyekutangulia ili akuachie fremu haikupi mkataba na mwenye jengo. Mkataba wa aliyekuachia ukiisha mwenye jengo anaweza kukuuliza wewe nani. Kabla hujatoa kilemba, kaeni watatu, mwenye jengo asaini na wewe mkataba wako wenye tarehe zako.

Maswali yalikuwa mengi, naweka machache.

Mama mmoja aliuliza, mkataba uko kwa jina la mume wake, mume ameondoka mwaka jana hajulikani aliko, yeye ndo analipa, na sasa mkataba umeisha mwenye nyumba anasema simtambui. Nilimwambia mama, umelipa kwa simu yako, jina lako linatokea kwenye kila muamala, na yeye alipokea, kwa hiyo hawezi kusema hakujui. Toa taarifa ya miamala ya mwaka mzima, nenda naye kwa mwenyekiti, omba mkataba kwa jina lako. Na akina mama wote, hata ndoa ikiwa nzuri, majina yote mawili yaandikwe. Baadhi ya wanaume waliguna, nikawaambia nyinyi mkifa leo mnataka mkeo aulizwe wewe nani?

Kijana akauliza, mwezi wa mwisho mwenye nyumba analeta watu kuangalia chumba kila siku, anafungua na funguo zake mimi nikiwa kazini. Hapana. Mpaka siku ya mwisho ya mkataba una haki ya kukaa kwa utulivu bila kuingiliwa. Ana haki ya kukagua na kuonesha, ila kwa taarifa na kwa saa zinazofaa. Mpangieni siku mbili kwa wiki, saa kumi jioni wewe ukiwepo.

Mzee akauliza, nina miezi miwili mbele nimeshalipa, kauza nyumba, mnunuzi anataka niondoke wiki hii. Mzee wangu usitoke kwa maneno. Miezi uliyolipia ni yako, muoneshe mnunuzi mkataba na risiti. Mkikubaliana utoke mapema basi urudishiwe ya miezi iliyobaki na gharama za kuhama, mkononi, kabla kirikuu haijapakia.

Na yule aliyeuliza wasio na hela ya wakili wafanyeje: kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ndo inayotutambua sisi wasaidizi wa kisheria, na huduma yetu ni bure kwa asiye na uwezo. Halmashauri kuna msajili msaidizi wa watoa msaada wa kisheria, ulizieni ofisi ya maendeleo ya jamii. Ndugu zetu wa Moshi wana shirika la KWIECO, wamekuwa wakifanya kazi hii miaka mingi, hasa kwa akina mama.

Jumamosi ijayo tutakuwa hapahapa kuanzia saa nane mchana kusoma mikataba ya watu mmoja mmoja. Leteni nakala, orijino ibaki nyumbani, na mwenye mkataba unaoisha ndani ya miezi mitatu ataanza kuhudumiwa kabla ya wengine.